Chaja ya gari inagoma au bodi inakurusha? Anza kutafuta kwenye erthi

Malalamiko ya gari la umeme kugoma kuchaji nyumbani ukiyapanga yanafanana sana. Gari linachaji fresh kwenye chaja za nje, linachaji fresh kwa jirani, ukifika kwako unachomeka, kiboksi cha kwenye kebo ya chaja kinabofya mara mbili, taa nyekundu, kimya. Mwenye gari anarudisha chaja dukani, anapewa nyingine, na yenyewe inagoma vilevile, hapo ndo inaanza hadithi kwamba chaja za siku hizi ni mbovu. Mara nyingi chaja ni nzima kabisa, inachosema ni kwamba nyumba haina erthi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja) au ina erthi ya jina tu, na pasi, friji na tivi havijawahi kulalamika miaka yote kwa sababu vyenyewe huwa haviulizi.

Chaja inaangalia vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Cha kwanza ni erthi ya kebo yenyewe. Kati ya kile kiboksi (au chaja ya ukutani) na gari kuna waya mwembamba wa mawasiliano unaobeba mawimbi ya volti 12, mizunguko 1,000 kwa sekunde, na mawimbi hayo yanarudi kwa kupitia waya wa erthi, kwahiyo erthi ya kebo ikikatika gari na chaja havisikilizani tena na chaji inasimama hapohapo. Hiyo ipo kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 61851. Cha pili ni erthi ya nyumba, kutoka kwenye soketi mpaka ardhini, na hii kiboksi kizuri kinaipima chenyewe kabla hakijaruhusu umeme upite. Ila sio viboksi vyote vinapima, vingine vya bei chee havina habari nayo kabisa, manake taa ya kijani peke yake sio ushahidi kwamba erthi yako ipo.

Namba zote hapa chini ni za umeme wa nyumbani wa volti 220 mpaka 240, mimi natumia 230 kurahisisha.

Kabla hujagusa chochote

Kubadilisha soketi, kutoa ekstensheni, kuangalia kwa macho, kubonyeza kitufe cha T (cha majaribio) kwenye breka ya kuvuja, hivyo mtu yeyote anafanya. Kupima kwa maltimita kwenye soketi unafanya kama umeshawahi kupima umeme mkubwa na mita yako ina waya zisizochubuka, kama hujawahi usijifunzie hapa. Kufungua DB (boksi la breka za nyumba), kufungua chaja ya ukutani, kugusa waya wa nondo ya erthi (chuma kilichopigiliwa ardhini), hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Waya wa erthi watu wanauona hauna umeme, na mara nyingi kweli hauna, lakini nyumba yenye hitilafu unaweza kuukuta una volti kamili huku breka zote zimezimwa, nitaeleza kwa nini huko chini kwenye dalili ya bodi kurusha.

DALILI: taa nyekundu mara tu ukichomeka, au chaja inaandika hakuna erthi, PE, GND na kadhalika

Hii ndo inayoongoza. Kwanza kabisa fungua kile kijitabu uhakikishe hiyo rangi au idadi ya kumeta ni ya erthi kweli maana kila kampuni ina lugha yake, nyekundu ya joto kali na nyekundu ya erthi zinaweza kufanana. Ukishajua ni erthi, sababu zenyewe kuanzia inayotokea zaidi ni hizi.

Ekstensheni au adapta. Ekstensheni nyingi zina matundu matatu lakini ndani zina waya mbili tu, na adapta za kugeuza plagi ya aina moja kwenda nyingine ndo usiseme, kile kichuma cha erthi hakigusi popote. Toa vyote, chomeka kiboksi moja kwa moja ukutani. Taa ikibadilika umeshapata jibu, na hata isipobadilika ekstensheni usirudishe, gari linavuta ampea 10 kwa saa nane mfululizo na ekstensheni ya kawaida haikutengenezewa kazi hiyo, ikiwa imeviringishwa ndo inajipika yenyewe.

Soketi haina waya wa erthi nyuma yake. Nyumba za zamani, vyumba vilivyoongezwa baadaye, banda la gari lililovutiwa umeme kwa waya mbili. Jaribu soketi nyingine ya mbali na hiyo, hasa ya jikoni kwa sababu mafundi wengi jikoni wanakumbuka erthi. Chaja ikikubali jikoni na kukataa gereji basi shida ipo kwenye saketi ya gereji tu, nusu ya kazi imeisha. Ikikataa nyumba nzima, shida ipo DB au nje kwenye nondo.

Laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zimebadilishana. Taa ya chumbani haijali, chaja nyingine inajali sana, inaona nyutro ina umeme inadhani erthi ni mbovu. Kama plagi yako ni ile ya pini mbili za duara inayoingia pande zote mbili, igeuze kichwa chini uchomeke tena. Kama inaingia upande mmoja tu, fundi afungue soketi abadilishe.

Skrubu imelegea au waya umeoza. Erthi haibebi umeme siku za kawaida kwahiyo skrubu yake ikilegea hakuna anayejua, taa zinawaka, maisha yanaendelea.

Erthi ipo kwenye soketi zote lakini huko DB imefungwa pamoja na kuachwa hivyohivyo, haijaenda popote. Au ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, halafu siku moja fundi bomba akaja akakata kipande akaweka plastiki. Hii ya bomba inatokea sana na hakuna anayeihusisha na gari kwa sababu bomba lilibadilishwa zamani na gari limenunuliwa juzi.

Mwisho kabisa, mfumo wa umeme wa eneo wenyewe haupo kama chaja inavyotegemea. Kuna sehemu, Norwei kwa mfano, nyumba nyingi hazina nyutro, zinapewa laivu mbili zenye volti 230 kati yao, na kila moja kwenda kwenye erthi inasoma kama 130 hivi. Magari na chaja nyingine hazipendi hiyo hali kabisa.

Sasa kama unajua kutumia maltimita, weka kwenye AC (umeme wa kupishana, ule wa nyumbani), safu ya juu ya volti 250, halafu soma mara tatu kwenye soketi: laivu na nyutro, laivu na erthi, nyutro na erthi. Soketi nzima itakupa 230, 230, na volti moja mbili tatu hivi kwenye ile ya mwisho. Ukipata laivu na erthi kama 110 na nyutro na erthi nayo kama 110, erthi inaelea, haijashika kitu, hizo volti zinatoka kwenye filta za vifaa vingine vilivyochomekwa humo ndani. Ukikuta tundu unalodhani la laivu na erthi ni karibu sifuri, halafu tundu la nyutro na erthi 230, zimebadilishana.

Hapa wengi wanadanganyika. Kusoma 230 kati ya laivu na erthi HAKUMAANISHI erthi ni nzuri. Maltimita ya kidijitali inakula umeme kidogo mno, hata waya wa erthi ulioshika kwa uzi mmoja tu au nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu itasoma 230 safi, lakini siku hitilafu ikitokea huo uzi hautabeba kitu. Mita inakuambia kama erthi haipo, haikuambii kama inatosha, kujua inatosha kunahitaji kifaa cha kupima ukinzani wa erthi na hicho anacho fundi.

Na tafadhali achana na ule mtihani wa kufunga balbu kati ya laivu na erthi uone kama itawaka. Kama erthi imekatika huko mbele, wewe kwa mkono wako umepeleka laivu kwa kupitia balbu kwenye bodi ya friji, mashine ya kufua, na kila chuma kilichofungwa kwenye waya huo, na mtu akiwa ameshika bomba na friji kwa wakati huo atalipia ujanja wako.

Dawa: saketi ya peke yake kutoka DB mpaka kwenye gari, waya wa erthi usiwe mwembamba kuliko laivu, soketi ya kazi nzito au bora chaja ya ukutani. Simama na uite fundi kama soketi zaidi ya moja zinakataa, kama umeona rangi ya kuungua, au kama vipimo vyako havifanani na chochote nilichosema hapo juu.

DALILI: ukigusa bodi ya gari likiwa linachaji unasikia mkono unasisimka

Hapa hakuna cha kuchunguza kwanza, unaacha kuchaji KWANZA. Tofautisha na ile cheche moja ya kushuka kwenye kiti cha kitambaa, hiyo inapiga mara moja inaisha hata gari likiwa halijachomekwa. Hii ninayoisema ni kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi, haikati, na ukiwa peku au ardhi ina maji inazidi.

Zima kwa simu au kwa kitufe cha chaja bila kushika gari, halafu zima breka yake kwenye DB ukiwa na viatu na mikono mikavu, halafu watoto wakae mbali. Usikimbilie kuchomoa plagi ya upande wa gari kwa sababu hiyo inakulazimisha uegemee bodi ileile.

Sababu ya kawaida ni erthi iliyokatika. Ndani ya chaja ya gari kuna filta zenye kapasita ndogo kutoka laivu na nyutro kwenda kwenye bodi, kazi yake ni kuzuia kelele za umeme, na siku zote zinavujisha umeme kidogo kwenda erthi, mara nyingi chini ya miliampea 3.5. Erthi ikiwepo unaondoka kimyakimya. Isipokuwepo bodi nzima ya gari inapanda mpaka karibu nusu ya volti, yani 115 hivi, inasubiri mtu apite. Umeme wenyewe ni mdogo kwahiyo wengi wanausikia tu na kusema ah kawaida, lakini ule ni ujumbe kwamba kinga haipo, na siku insulesheni (ganda linalozuia umeme usivuje) ya kitu kimoja ndani ikifa, bodi hiyohiyo itakuwa na 230 yenye nguvu zake zote.

Sababu ya pili: kifaa kingine humo ndani ndo kibovu, sio gari. Hita ya maji imevuja, inasukuma umeme kwenye waya wa erthi, erthi haina pa kuupeleka, unasafiri mpaka kwenye gari. Dalili yake ni kwamba bodi inarusha hata ukizima breka ya chaja, na mara nyingi bomba la kuogea nalo linasisimua. Zima breka moja moja uone ipi ikizimwa kero inaisha, ila unapima kwa tesita au mita, sio kwa vidole.

Ya tatu inatokea mara chache lakini ndo mbaya kuliko zote. Kuna nyumba ambazo erthi yake inaletwa na shirika la umeme kwenye waya uleule wa nyutro na kutenganishwa pale mita ilipo. Waya huo ukikatika mtaani au kwenye nguzo, umeme wa nyumba unakosa njia ya kurudi, unajaribu kurudi kwa kupitia erthi, na kila chuma kilichofungwa kwenye erthi ya nyumba kinakuwa laivu. Ndani ya nyumba vyuma vyote vinapanda pamoja kwahiyo hatari inapungua kidogo, lakini gari lipo nje, wewe umesimama kwenye udongo, tofauti yote ya volti inapita mwilini mwako. Na RCD (breka inayokata umeme ukivuja) haisaidii, breka haisaidii, kwa sababu breka zinakata laivu na nyutro, hazikati erthi! Ndo maana nilisema unaweza kuzima kila kitu na bodi bado inarusha.

Utaihisi mapema kama taa zinawaka kwa ukali kupita kiasi chumba kimoja na kufifia kingine, au zinapandisha na kushusha kila friji ikiwaka. Ukiona hivyo pamoja na bodi kurusha, zima meinswichi, usiguse gari wala kebo wala bomba la nje, na piga simu ya dharura ya shirika la umeme, hili sio la fundi wa mtaani maana tatizo lipo upande wao wa mita. Hata meinswichi ikizimwa, mizigo ya majirani inaweza kuendelea kupandisha volti kwenye erthi yako kwahiyo kukaa mbali ndo kinga pekee mpaka wafike.

Kwa nyumba za namna hiyo suluhisho la kudumu ni mojawapo kati ya mawili: chaja ya ukutani yenye kinga inayogundua nyutro iliyokatika na kukata waya zote pamoja na erthi, au chaja ipewe nondo yake ya erthi iliyotenganishwa na erthi ya nyumba. Nondo hiyo isikae karibu na vyuma vingine vya nyumba, kwa sababu mtu anaweza kushika gari kwa mkono mmoja na bomba la nje kwa mwingine, erthi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Upimaji wa umbali huo mwachie fundi.

DALILI: breka ya kuvuja (RCD) inaruka

Swali la kwanza ni inaruka saa ngapi.

Inaruka ukichomeka tu, hata kabla gari halijaanza kuvuta. Mara nyingi ni maji kwenye plagi au kwenye kichwa cha gari, angalia pini, ziache zikauke, usipulizie vitu vya mafuta. Kisha kebo iliyokanyagwa na tairi au kubanwa na mlango wa gereji. Kisha nyutro inayogusa erthi mahali fulani kwenye saketi, au nyutro iliyoazimwa kutoka saketi nyingine, hiyo RCD inaiona kama kuvuja na ina haki.

Inaruka dakika chache baada ya kuanza, au usiku wa manane bila mpangilio. Hapa mara nyingi hakuna kitu kimoja kibovu. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kuruka popote kati ya 15 na 30, na kama moja inabeba nyumba nzima, friji inavujisha kidogo, mashine ya kufua kidogo, kompyuta kidogo, gari linaongeza 3 yake, inafika. Jaribu kuchaji vitu vingine vyote vikiwa vimechomolewa, ikikaa basi dawa ni chaja kupata RCD yake peke yake, na kwa kweli ndivyo inavyotakiwa hata kama hairuki.

Inaruka ukiwasha kiyoyozi au hita ya gari huku linachaji: peleka gari kwa fundi wa gari, insulesheni ya kompresa au hita inaanza kuchoka. Jaribu kwanza kwenye chaja nyingine kabisa ili uhakikishe tatizo linalifuata gari.

Halafu kuna RCD ambayo HAIRUKI na ilitakiwa. Chaja za magari zikiharibika zinaweza kuvujisha umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), na RCD za zamani aina ya AC, pamoja na aina ya A, zinaweza kupofuka zikipitiwa na DC zaidi ya miliampea 6, yani zipo pale, kitufe kipo, lakini siku mtu akishika laivu haziruki. Kwahiyo chaja ya ukutani iwe na kinga ya DC ya miliampea 6 ndani yake na mbele iwekwe RCD aina ya A, au kama haina kinga hiyo iwekwe aina ya B. Aina ya AC usiiweke kwenye gari. Alama ipo usoni mwa breka: mawimbi peke yake ni AC, mawimbi na vilima chini yake ni A, ukiona na mistari iliyonyooka pia ni B. Ukinunua chaja bila kuuliza hili swali, muuzaji hatakukumbusha.

Kitufe cha T bonyeza kama kijitabu kinavyosema, isiporuka breka imekufa, ibadilishwe kabla ya kuchaji tena. Lakini elewa T inapima breka tu, inatengeneza mvujo wa uongo humo humo ndani, haipiti kwenye nondo yako hata kidogo. Unaweza kuwa na T inayoruka vizuri na erthi haipo kabisa, watu wengi sana wanaamini kinyume.

Na usiitoe RCD eti kwa sababu inasumbua. Piga hesabu: nyumba ya nondo (erthi yake ni nondo tu, haiji na shirika la umeme) yenye ukinzani wa omu 50, laivu ikigusa bodi ya gari, umeme unaopita ni 230 gawanya kwa 50, ampea 4.6. Breka ya kawaida ya ampea 32 inaona pasi moja imewashwa, haitaruka milele, na bodi itakaa na volti 230 mpaka asubuhi. Kwenye nyumba za nondo RCD ndo kitu pekee kinachokata.

DALILI: inaanza vizuri, inakatika njiani, au inakubali masika na kugoma kiangazi

Gusa ukuta karibu na plagi baada ya kuzima, na plagi yenyewe. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuendelea kuishika, au plastiki imebadilika rangi, usichomeke tena hapo, ni skrubu iliyolegea au soketi iliyochoka, nyumba nyingi zinaungua kwa namna hii hata bila gari.

Ikiwa hakuna joto, inaweza kuwa volti kati ya nyutro na erthi zinapanda mzigo ukiongezeka. Waya mwembamba wenye nusu omu upande wa nyutro, gari likivuta ampea 32, unapata volti 16 hapo hapo na chaja nyeti inashtuka. Punguza ampea kwenye gari au kwenye programu ya simu, weka 10 au 8, kama inatulia basi ni waya au viungio. Fundi avute waya mnene zaidi, kushusha ampea ni kupoza tu.

Hii ya majira ya mwaka ni nondo. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, nondo fupi iliyokaa kwenye udongo wa juu inapanda ukinzani kiangazi na kushuka mvua zikianza. Kwa RCD ya miliampea 30, hesabu ya volti 50 kama kikomo cha usalama inaruhusu mpaka omu 1,667, ila hiyo ni ya karatasi, Uingereza wanasema ikizidi omu 200 haiaminiki kubaki hivyo, na yapo magari, Renault Zoe linajulikana kwa hili, yanayochagua erthi kuliko mengine. Mwambie fundi akushushie chini ya 100 na kama inawezekana zaidi.

Inavyoshushwa: nondo ndefu zaidi inayofika udongo wenye unyevu, ikishindikana nondo ya pili na ya tatu, na kati ya moja na nyingine kuwe na umbali usiopungua urefu wa nondo, mara mbili yake ni bora. Kuzibananisha tatu kwenye shimo moja ni kupoteza shaba. Chumvi na mkaa inashusha kweli kwa muda, halafu mvua inaosha na chumvi inaila nondo, miezi mingi haipiti unarudi palepale na nondo imeoza, udongo wa bentonaiti unadumu zaidi. Angalia na kibanio cha juu kama kina kutu ya kijani, wakati mwingine nondo ni nzuri na kibanio ndo kimekufa. Ila kukifungua mwachie fundi, akikuta volti pale wewe hutaki kuwa ndo umeshika.

DALILI: umeme wa gridi inakubali, jenereta au inveta ya sola inakataa

Jenereta ndogo na inveta nyingi nyutro yake inaelea, haijafungwa na erthi popote. Chaja ikipima inaona laivu 115 na nyutro 115 inasema hakuna erthi, na kwa vipimo vyake iko sahihi. Kibaya zaidi RCD nayo haifanyi kazi kwenye mfumo unaoelea kwa sababu umeme unaovuja hauna njia ya kurudi.

Dawa ni nyutro na erthi kufungwa pamoja pale kwenye chanzo, sehemu MOJA tu, na kama kuna gridi pia, chenjiova (swichi ya kubadilisha chanzo) au inveta yenyewe iachanishe kifungo hicho umeme wa gridi ukirudi. Inveta nyingine zina rilei (swichi inayojiendesha) ya kazi hiyo na inatakiwa tu iwashwe kwenye mipangilio, uliza kabla ya kununua vitu. Kufunga sehemu mbili kunafanya umeme wa kawaida wa nyutro utembee kwenye waya wa erthi na RCD zianze kuruka bila sababu inayoonekana. Fundi wa sola aliyefunga bila kuuliza kuhusu hili arudi.

Ule ujanja wa plagi

Hapa ndo kuna ushauri unaozunguka sana na una watu wengi wanaousifia: kuunganisha nyutro na erthi ndani ya plagi au soketi ili chaja ione erthi, kuna hata vile viplagi vidogo vinauzwa tayari. Inafanya kazi ndiyo, taa inageuka kijani. Sasa bodi ya gari imefungwa kwenye nyutro. Nyutro ya saketi hiyo ikilegea popote, skrubu moja tu, laivu inapita kwenye chaja inaingia kwenye nyutro iliyokatika na kutokea kwenye bodi, volti 230. Mtu akigeuza plagi au fundi akibadilisha laivu na nyutro bila kujua, bodi ni laivu papo hapo.

Kama umenunua nyumba au gari na unashuku kuna mtu alishafanya hivi, pima nyutro na erthi kwenye soketi huku birika au pasi inafanya kazi kwenye saketi hiyohiyo. Kawaida kuna volti kidogo. Ikibaki sifuri kavu, 0.0, kama vile ni waya mmoja, mwite fundi aifungue hiyo soketi na usichaji usiku huo.

Fundi akimaliza, mwambie akuachie vipimo kwa maandishi: ukinzani wa nondo au wa mzunguko wa erthi kwa omu pale kwenye soketi ya gari, insulesheni ya kebo kwa volti 500 (isiwe chini ya megaomu 1, na chaja iwe imetolewa kwanza isije ikaungua), na RCD imeruka kwa miliampea ngapi ndani ya milisekunde ngapi, kwa miliampea 30 isizidi 300. Anayesema kila kitu kiko sawa lakini hana namba hata moja hajapima, amepima kwa tesita ya bisibisi, na tesita ya bisibisi kuhusu erthi haijui lolote.